Haki ya Aliyefika Mwisho

Kibanda cha wasafiri cha Hallalampi, kando ya kiziwa, hakina kufuli, hakina mlinzi, wala hakina mwenyewe. Kina sheria moja tu, na kila mtoto wa huku kaskazini, mbali na Helsinki, anaijua kabla hajajua kufunga miguuni skii, mbao za kutelezea juu ya theluji: aliyefika mwisho ndiye mwenye haki. Wewe uliyetangulia umeshakula, umeshaota moto, soksi zako zimekauka. Basi sogea, na kama hakuna pa kusogea, toka.

Mimi na mume wangu Oiva huenda huko kila Mei, theluji ikiwa haijaisha na barafu haijayeyuka yote. Tunaanza kwa skii, mtumbwi tukiuburuta nyuma. Theluji ikikatika tunatembea kwenye matope, mtumbwi mabegani, halafu tunapiga kasia kukivuka kiziwa hadi kibandani. Mwaka huu Oiva ametimiza miaka sabini na minne. Nilimwambia tubaki nyumbani. Akaniambia nibaki mimi.

Basi tulipokaribia ufuko, bwana huyo akasimama mtumbwini kusukuma pande la barafu kwa kasia. Akatumbukia mpaka shingoni. Nilimvuta kwa kola huku nikimtukana, na tulipofika mlangoni midomo yake ilikuwa ya buluu na meno yanagongana.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Watu watano wa Helsinki walikuwa wamejinyoosha vitandani, na karibu na jiko kijana aliyewaongoza, Santtu.

"Pamejaa, mama," akasema bila hata kusimama. "Aliyewahi kawahi. Kwani hema hamna?"

"Mtu kalowa, huoni?"

"Naona. Na sisi tumechoka."

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa huku huku."

Hilo ndilo lililonichoma. Mtu wa Helsinki ningemsamehe, hajui. Huyu alijua! "Wa huku huku, halafu unaniambia aliyewahi kawahi? Huna haya? Sheria ya kibanda umeiacha wapi?"

"Sheria gani?" akauliza mama mmoja miongoni mwa wageni, Mirva. Kumbe hakuwaambia kitu. Nilipowaeleza, waliruka kutoka vitandani kama wamekaa juu ya siafu. Mirva alimvua Oiva nguo, akamvika sweta lake, akamfunika blanketi. Wengine wakaenda kupiga mahema. Santtu alibamiza mlango, akaingia kwenye mtumbwi wake akaenda zake.

Nusu saa baadaye Oiva alikuwa ameanza kurudiwa na rangi. Mlango ukafunguka. Santtu huyo, anatabasamu.

"Nimekizunguka kiziwa chote," akasema. "Haya, mama, nani kafika mwisho sasa?"

Nilinyanyua kasia. Ndiyo, nililinyanyua, na sioni aibu kusema. Ila Oiva alinitangulia. Aliondoa blanketi, akashusha miguu, akaanza kuvaa buti zake zilizolowa.

"Oiva, una wazimu?"

"Kafika mwisho."

"Kwa hila!"

"Sheria haiulizi kafikaje, Irja. Mimi nimeshaota moto." Kamba za buti zikamshinda kufunga, akaziacha zining'inie.

Tabasamu la Santtu likafifia. "Mzee, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Kitanda hicho, bado kina joto. Lala."

Akatoka. Akasimama nje kwenye theluji iliyochanganyika na mvua, mzee wa watu, kavaa sweta la kike, na mimi nyuma yake nikiwalaani wote wawili, yeye na huyo mjinga. Santtu alitufuata mbio.

"Rudi ndani, mzee. Nakuomba."

"Nikirudi, mimi ndiye nitakuwa nimefika mwisho. Itabidi wewe utoke."

"Nitatoka."

"Basi waambie wageni wako kwa nini."

Santtu aliwageukia. Wote walikuwa wamekusanyika mlangoni, wanamtazama. Alitazama chini, akaisema sheria yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa: "Niliijua tangu utotoni."

Oiva akarudi kitandani. Santtu akapiga hema lake peke yake, mvua ikimnyeshea.

Supu ilipoiva Oiva aliniambia nimpelekee kijana bakuli moja. Nilimwambia amwite mwenyewe. Akamwita. Nami nikasogea kumpa nafasi mezani, kwa sababu ndiye aliyefika mwisho, na sijawahi kumpisha mtu kwa hasira kama ile.