Shimo Lililosuguliwa kwa Sabuni

Kama kuna binadamu aliyependa sifa za bure, ni meneja wa uwanja ule wa ndege. Wafanyakazi walimwita Bwana Kijani. Tangu asikie kuna tuzo ya viwanja vinavyotunza mazingira, alipaka kuta zote rangi ya kijani, na nusura awapake hata wabeba mizigo.

Afisa mazingira wa uwanja alikuwa akicheka na wenzake, mpaka asubuhi ya ukaguzi wa tuzo hiyo, shangazi yake alipopiga simu.

"Mwanangu, mbona mfereji unatoa povu? Tena linanuka mafuta."

"Usimwagilie, shangazi! Ngoja niangalie."

Shangazi ndiye aliyemlea, na bustani ile ya mboga bondeni ndiyo iliyomsomesha. Afisa alitoka mbio hadi kwenye shimo la kutenganisha mafuta. Maji yote ya maegesho ya ndege hupita pale. Mafuta huelea yakabaki, maji yakatokea chini kwenda bondeni. Aliwakuta wafanya usafi wawili wakisugua kuta za shimo kwa brashi, mapipa ya sabuni pembeni.

"Nani kawatuma?"

"Bosi. Kasema wageni wasione hata tone la mafuta."

Damu ilimchemka. Sabuni huyachanganya mafuta na maji, shimo likashindwa kuyazuia. Alikwisha kumweleza Bwana Kijani jambo hilo kikaoni, naye akaitikia kwa kichwa tu huku akichezea simu. Mjinga huyu! Uchafu wa mwaka mzima alikuwa anampelekea shangazi wa watu, ili yeye apigwe picha na kikombe.

Alishika gurudumu la lango la mfereji, akalizungusha mpaka likagoma.

"Dada, maji yatarudi juu!" mfanya usafi mmoja alipiga kelele.

"Yarudi yalikotoka."

Yakarudi kweli. Povu la kahawia lilifumuka kwenye vyuma vya mitaro, likatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya wakaguzi, waliokuwa ndiyo kwanza wanafika na mwenyeji wao, meneja mwenyewe. Bwana Kijani alikuja mbio, jasho likimtiririka.

"Fungua hilo lango!"

"Lete kwanza gari la kunyonya majitaka."

"Gari la nini? Acha maji yaende zake!"

"Yaende wapi?" Afisa aliwanyooshea wakaguzi mkono. "Wageni hawa hapa. Waambie, yaende wapi?"

Wakaguzi walimgeukia meneja. Yeye akamvua afisa kitambulisho shingoni kwa nguvu.

"Huna kazi! Kuanzia sasa hivi, huna kazi hapa!"

Ilimuuma. Kazi ile aliipenda, na machozi yalimtoka mbele ya watu wote. Hata hivyo alipanda, akakalia gurudumu.

"Sawa," alisema. "Kama mimi si mfanyakazi wako, basi huwezi tena kuniamuru nifungue."