Kinyozi Aliyepasuliwa kwa Matundu

Kinyozi alipotoka hospitali majirani walimpongeza mpaka mkono ukamuuma. Saratani ya njia ya haja kubwa, jamani, si mafua! Na daktari hakumchana. Alimpasua kwa matundu, kamera ikipita huku na vifaa kule, tumboni vikabaki vikovu vidogo vya kutafuta kwa tochi. Mfuko wa haja aliobandikwa tumboni kwa muda nao ulipoondolewa, watu wakafunga mjadala: amepona. Mkewe alitamba kwa mashoga zake, "Wangu hata mshono hana."

Amepona! Nani alimuuliza mwenyewe? Utumbo uliounganishwa kule chini haukuwa na subira hata chembe. Ukimwita, umemwita. Alishawahi kumwacha mteja kitini na ndevu nusu, akakimbilia choo cha uani ameshika mkanda. Anarudi, hajagusa hata wembe, anaitwa tena. Siku moja hakuwahi. Akafunga duka mchana kweupe, akafua suruali kwenye ndoo ya taulo, huku analia.

Tangu siku hiyo akajitungia dawa: kutokula. Tumbo tupu litamwita kwa lipi? Asubuhi anaaga chai haijamiminwa. Jioni anasukuma sahani, eti ameshiba, amekula kazini. Usiku analala kwenye kochi karibu na choo, anasingizia joto la chumbani, na mkewe akimgusa bega anaruka. Sasa niambie, mwanamke mwenye akili zake afikirie nini?

Aliyejua ukweli ni mmoja tu, fundi mwashi aliyelazwa naye wodi moja. Huyo alipasuliwa wazi, na kovu lake lilishuka kutoka juu ya kitovu mpaka chini ya mkanda. Alikuja kunyolewa, duka likiwa halina mtu mwingine.

"Pole yako," kinyozi alimwambia. "Wewe walikuchana kweli."

"Pole ya nini? Mwanzoni sawa, mimi hata kukohoa nilishindwa, na wewe unatembea wodini unaturingia. Sasa hivi choo kinatuita sote. Ila mimi nikisema siwezi kubeba tofali, nafunua shati, wote kimya. Wewe utafunua nini?" Kinyozi akacheka kwa shida. Mwashi akamuuliza, "Shemeji anajua?"

"Ajue kwamba mumewe anajichafua kama mtoto mchanga?"

"Wangu anajua. Kuna siku ananicheka, kuna siku tunalia wote, lakini shuka tunafua pamoja. Mwambie, ndugu yangu. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa," kinyozi akajibu, akamgeuza kichwa amnyoe upande wa pili.

Jumapili jioni mkewe alipakua chakula, akakaa mbele yake. "Leo kula nikuone."

Akala kwa woga, kisha kwa njaa, mpaka akafagia sahani. Mkewe alimtazama muda wote.

"Kumbe njaa unayo. Basi niambie, anapika kuliko mimi?"

"Nani?"

"Huyo unayekula kwake. Huyo anayekufanya unikimbie kitandani. Yupo au hayupo?"

Ukweli ulimfika kwenye ulimi. Lakini alijua mwenye kimada huchukiwa tu, na chuki angeivumilia. Huruma ya mkewe, akimfuta kama mtoto, hiyo ndiyo iliyomtoa jasho.

"Yupo," akasema. Lo, mjinga wa watu!

Mkewe aliinuka. Alimtilia nguo chache kwenye mfuko, akamfungulia mlango. "Nenda kwake basi."

Hakufika hata kwenye kona. Tumbo lililoshiba likaamka, na choo cha karibu kilikuwa kilekile alichokiacha nyuma. Akarudi mbio, akagonga mlango kwa viganja viwili.

"Mke wangu, nifungulie!"

"Mara hii ameshakufukuza?"

"Hakuna mtu! Sijawahi kuwa na mtu! Nataka choo, nakuomba, choo!"

Mkewe alidhani ni dhihaka, akakawia kutoa komeo. Alipofungua, mumewe alikuwa amesimama miguu imebanana, suruali imelowa, macho ameyainamisha. Harufu ikamfika. Akayaelewa yote kwa pamoja: chai, kochi, lile bega linaloruka.

"Tangu lini?"

"Tangu mfuko ulipotolewa."

"Na mimi huko nje nawaambia watu umepona."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, lakini hakumsogelea.

"Ingekuwa ni mwanamke, ningekusamehe, labda. Lakini kunifanya mtu baki ndani ya nyumba yangu, hilo sijui kama nitaliweza."

Akaenda jikoni, akabandika maji ya moto. Aliporudi aliweka ndoo chini, akafunga mlango.

"Vua," akamwambia.