Mwezi wa Bega la Astère

Mimi mfupa wa mtu haunitishi. Majirani wa ghorofa ya saba hapa Joubert Park wanalijua hilo, ndiyo maana yeyote aliyewahi kukohoa akapigwa picha ya eksirei ya kifua, akipona huniletea filamu yake. "Dada Bijou, shika mbavu zangu." Nazishika. Naziloweka kwenye jiki, ile dawa ya kutoa madoa, mpaka weusi utoke na mbavu ziende zao, inabaki plastiki angavu isiyolowa wino wala kuchanika. Nachora ua juu yake, nakata kwa wembe, stensili tayari. Stensili ya dukani hujikunja baada ya kadi ishirini. Kifua cha Mkongo aliyepona kinatoa kadi mia tano, na hakilalamiki.

Jumanne hiyo asubuhi nilikuwa kwenye kadi ya sitini ya arusi ya Yasmin, binti wa Kimombasa anayekaa Mayfair. Alitaka kadi mia moja na hamsini pamoja na lebo za zawadi, zote kabla ya Ijumaa. Naweka stensili, nachovya sifongo kwenye wino wa waridi, nagusagusa taratibu, nainua: ua. Pembeni nagonga muhuri wa jani niliouchonga kwenye soli ya kandambili. Halafu mashine ya kukaushia nywele, maana wino huu ukiuachia hukauka siku unayotaka wenyewe.

Astère akaingia na sare yake ya ulinzi, macho mekundu. Astère ni Mrundi. Usiku analinda ghala, mchana analala nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu. Mwaka wa nne sasa, upande huu mimi na karatasi zangu, upande ule yeye na viatu vyake. Watu walisema waliyotaka kusema, wakachoka.

"Umeamkaje, mama maua?"

"Nimeamka mzuri. Wewe unanuka kama mbwa wa zamu."

"Mbwa alilala. Aliyebweka ni mimi." Akavua kofia. "Dada, nitolee ile picha yangu. Wakili anataka kuiona kesho, kabla ya Alhamisi."

"Picha gani?"

"Ya bega. Si uliniambia niiweke kwenye katoni yako?"

Sifongo likasimama hewani.

Alhamisi ndiyo siku aliyopangiwa kusikilizwa kwa mara ya mwisho kuhusu karatasi zake za ukimbizi. Mara ya kwanza walimkatalia. Walisema hakuna kinachoonyesha kwamba alipigwa risasi, na kovu mtu anaweza kulipata hata kwa kuanguka na baiskeli. Hospitali ya hapa mjini ilimpiga picha mpya, ikampa kwenye diski: mfupa umeunga vizuri, Mungu asifiwe, na risasi hakuna, kwa sababu iliondolewa zamani kwenye kambi ya Tanzania, ikatupwa ndani ya beseni. Kilichobaki duniani kuonyesha risasi hiyo ikiwa mwilini mwake ni filamu moja iliyopigwa kule kambini kabla ya upasuaji, ikamfikia baada ya kukataliwa, jina lake na tarehe vikiwa kwenye kona. Mvua ya Januari ilipopita kwenye dari letu, ni mimi niliyemwambia: "Leta hapa, kwenye katoni yangu hakuna kinacholowa."

Nikatazama chini ya kiganja changu. Chini ya wino wa waridi palikuwa na bega.

"Iko," nikasema. "Lala kwanza. Mtu hashiki karatasi za maana na mikono ya zamu."

Akalala. Mtu anayekuamini hukoroma upesi sana.

Wiki mbili nyuma nilichomoa filamu ya juu katonini bila kusoma kona. Jiki ilikuwa imekwisha na nilivivia kushuka ghorofa saba bila lifti, basi nikaikata hivyohivyo na weusi wake. Uvivu wangu huo mama yangu aliulaani mpaka anaingia kaburini. Leo ndio uliookoa mfupa wa Astère. Nilifuta wino kwa kitambaa chenye maji. Kona ilikuwepo, jina na tarehe. Nikamwaga kopo ninamotupia vipande vilivyokatwa, nikavipanga kwenye matundu yake: petali la kwanza, la pili, mpaka la sita. Yote yaliingia. Katikati ya ua, pale lilipokuwa duara, palibaki tundu. Nikakung'uta kopo tena: tupu.

Duara lile nililikumbuka vizuri. Lilikuwa jeusi, na ndani yake mna kidoa cheupe kilichopinda. Nilipoliona nilisema, voilà, mwezi mwandamo! Nikaligundisha kwenye kadi ya mfano, nikampelekea Yasmin. Ni kadi hiyo iliyonipa kazi.

Niliteremka ngazi na kilemba mkononi. Kwenye foleni ya teksi nilisimama dakika tatu, miguu ikakataa kungoja, nikatembea. Nilipita Newtown, nikapita chini ya barabara ya juu, kila taa ikiniwekea nyekundu kama iliyotumwa. Mwanamke mmoja anayeuza ndizi aliniuliza nani amekufa. Nikamjibu bado.

Yasmin alikuwa amekaa na hina mbichi ya majaribio kwenye mkono mmoja. Kadi yangu ameichomeka kwenye kioo cha kujipambia.

"Dadangu! Umemaliza?"

"Nimekuja kuichukua hiyo."

"Hii? Hii siitoi ng'o. Mashangazi wote wameiona, mmoja amelia."

"Yasmin, huo si mwezi."

"Ni nini basi?"

"Ni risasi."

Akacheka. Mimi, ambaye nacheka hata msibani, sikucheka. Nikamweleza yote, nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia.

"Astaghfirullah! Risasi ya mtu kwenye kadi ya arusi yangu, na mimi naibusu kila asubuhi?" Akainuka ghafla. "Usiibandue kwa kucha! Utaikwaruza. Ngoja."

Akaweka birika jikoni. Lilipochemka, akashika kadi juu ya mvuke kwa mkono usio na hina, mimi nikikinga kiganja chini yake. Karatasi ililegea, gundi ikalegea, na duara likateleza likaanguka kiganjani mwangu, moto, zima. Kidoa kilikuwepo.

"Nenda," akasema. "Lakini kadi zangu ziwe na mwezi. Usio na mtu ndani."

Nilirudi nikikimbia pale ninapoweza. Kabla sijafungua mlango niliona pazia limefunuliwa. Astère alikuwa mezani, filamu magotini, kidole chake kimeingia kwenye tundu la katikati.

"Nilikuwa natafuta maji," akasema. "Nikajikuta hapa."

"Kaka, nisamehe."

"Nilipokuwa sina picha waliniita mwongo." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Sasa nitaenda kuwaambia nini? Kwamba nilipigwa ua?"

Nikaweka duara mezani mbele yake. Akaliangalia kwa muda, akaligeuza kulia, kushoto, kama mtu anayetambua kiatu chake kwenye rundo. Halafu akalitia kwenye tundu. Lilikaa sawasawa. Wembe wangu una aibu nyingi, lakini haukati ovyo.

"Leta selotepu," akasema.

Tuliunga mpaka saa nane mchana, yeye akishika, mimi nikibandika. Waridi halikutoka kwenye makali ya mikato. Bega la Astère likawa na ua lenye mstari mwembamba wa rangi, na risasi katikati.

Jumatano wakili, dada mmoja mchanga wa msaada wa bure wa sheria, aliiinua dirishani, akaniangalia. "Aliyekata lazima aape."

Basi nikaenda kuapa kituo cha polisi, maana hapa ndiko viapo hugongwa muhuri. Afisa mwenye sharubu alisoma kiapo changu kwa sauti, polepole: mimi, Bijou, mtengeneza kadi, nilikata picha ya bega la Astère bila yeye kujua, nikadhani risasi ni mwezi. Foleni nzima nyuma yangu ikasogea kusikia.

"Eish, mama," akasema. "Kweli?"

"Ningetunga uongo, baba, ningetunga wenye heshima."

Akagonga muhuri. Ulitoka nusu. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka, na alikuwa anaukandamiza upande mmoja kama anayeua mende. Kinywa kilinishinda. "Lowesha kidau kwanza, halafu shuka nao wima." Akanitazama. Akalowesha. Akashuka nao wima. Hata tarehe ilisomeka.

Alhamisi Astère aliondoka alfajiri na shati aliloazima. Mimi nilikaa kwenye kadi. Niliharibu tatu, wino umezidi. Nikaharibu ya nne, muhuri kichwa chini. Nilifagia chumba, nikafagia tena. Kila hatua kwenye ngazi ilikuwa yake, halafu inaishia ghorofa ya tano. Saa tisa zikaja hatua nzito, zinapumzika kila kona. Zikafika mlangoni.

Mikono yake ilikuwa mitupu ila bahasha moja.

"Filamu iko wapi?"

"Wameishika."

"Wameitupa?"

"Wameiweka kwenye faili." Akakaa kwenye kiti changu, jambo asilofanya kamwe. "Mama anayesikiliza kesi aliiinua dirishani. Akagusa pale katikati. Akauliza, aliyekata ni nani wako?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni mtu ambaye usimwachie hata shati."

"Akacheka?"

"Hakucheka. Alisoma kiapo chako mara mbili. Akamwambia mwenzake kwamba mwongo angeleta picha safi. Nani atajitengenezea ushahidi wenye maua?" Akavua kiatu kimoja. "Wamekubali, dada. Barua itafuata, lakini amesema mbele ya wakili. Wamekubali."

Nilitaka kusema neno la mzaha. Yakatoka machozi, nikasingizia wino.

Astère akafungua bahasha, akatoa diski ya hospitali. "Hii wamenirudishia. Haina kazi. Angalau yenyewe haikatiki."

Nikaipokea. Nikaigeuza dirishani iking'aa. Katikati ina tundu, la duara, safi, limeshakatwa na mwenye mashine bora kuliko wembe wangu. Nikailaza juu ya kadi ya sitini na moja, nikachovya sifongo kwenye wino mweupe.

"Dada!"

"Tulia. Itafutika."

Nikagusagusa, nikainua. Mwezi mpevu. Na ndani yake hapakuwa na mtu.