Nafasi ya Nne

Kompyuta ilipoletwa kituoni ilihitaji watu wawili kuibeba, na hao wawili walikuwa dada na mdogo wake.

Dada alikuwa fundi wa mitambo inayoongoza pampu. Kazini walimwita Dada Waya, jina lililomkaa hata akalizoea. Mdogo wake alikuwa mhudumu wa pampu kituoni hapo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ana ndevu na kitambi kinachoanza, lakini mama yao alimwita Mziwanda tangu azaliwe na hakuona sababu ya kuacha. Kazi hiyo alitafutiwa na dada yake. Ndiye aliyempelekea barua ya ajira mkononi na ndiye aliyemdhamini.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kusukuma maji taka. Uchafu wa nusu ya mji uliteremka hadi pale, ukaingia katika shimo la zege lenye kina cha mita sita, na pampu tatu zikausukuma kwenda kwenye mabwawa ya kusafishia. Kando ya shimo kulikuwa na chumba cha umeme, na ndani yake fremu ndefu ya chuma ya kupangia mitambo, ambayo mafundi huiita raki.

Kompyuta ya ofisini isingemaliza mwezi mahali pale. Hii ilikuwa na ganda la chuma nene, feni mbili nyuma ya chujio la vumbi, na upau ndani wa kubana kadi zisicheze sakafu ikitetemeka. Dada alifunga reli mbili kwenye raki, wakaliinua boksi pamoja, wakalitelezesha hadi masikio yake, vile vibati vya pembeni vyenye matundu ya skrubu, yakagusa fremu. Akakaza skrubu nne, mbili huku, mbili kule.

Mziwanda alijifuta jasho akaitazama. "Hii hainywi, haili?"

"Inakula umeme tu."

"Inakaa pazuri, haiguswi, na sisi wote tunapita mbele yake kwa adabu. Basi huyu ni mkwe."

Tangu siku hiyo kompyuta ikaitwa Mkwe. Akiingia zamu asubuhi Mziwanda aliisalimia kwa kuinamisha kichwa, na mwenzake wa zamu, mtu mkimya waliyempa jina la Mpole, alicheka kila siku kama vile ndiyo kwanza anasikia.

Kabla ya kufunga mfuniko, dada alimwonyesha mdogo wake jinsi ilivyopangwa ndani. Kulikuwa na nafasi nne za kadi. Ya kwanza ilisoma kimo cha maji shimoni. Ya pili ilisoma mota za pampu. Ya tatu ilituma habari zote ofisi kuu, ambako yeye dada alishinda mbele ya skrini. Nafasi ya nne ilikuwa imezibwa kwa kibati.

"Na hii?"

"Ya gesi, ile ya sumu inayotoka kwenye uchafu. Kule chini inatakiwa kihisi, kifaa cha kunusa hewa. Lakini kihisi bila kadi yake ni sawa na pua bila kichwa."

"Kadi iko wapi?"

"Nimeiombea."

Aliiombea kweli. Wiki ileile alijaza fomu na kuipeleka kwa Mhandisi, aliyekuwa msimamizi wa vituo vyote. Fomu ilirudi ina maneno matatu pembeni kwa kalamu nyekundu: awamu ya pili. Baada ya miezi mitatu akaandika tena, akapata maneno yaleyale, kwa mwandiko uleule. Awamu ya pili haikuwa na tarehe. Akaona amefanya la kwake, akaendelea na vituo vingine.

Mwaka ukapita hivyo.

Asubuhi moja, saa nne kasoro, pampu ya tatu ilianza kuhema. Dada aliiona kwenye skrini yake ofisi kuu: umeme unapanda, maji hayaendi. Alijua ni wavu wa shimoni, ule wa kuzuia takataka, umeziba. Kila kitu kingine kwenye picha ya kituo kilikuwa kijani. Akampigia mdogo wake simu.

"Wavu umeziba tena. Shuka uusafishe."

"Mpole hayupo. Ameazimwa kituo cha mabwawani hadi mchana."

Utaratibu ulitaka watu wawili, mmoja chini, mmoja juu. Hilo dada alilijua, kwani aliwahi kulibandika ukutani kwa mkono wake. Lakini maji yalikuwa yanapanda, na yakifurika yangeingia barabarani, na Mhandisi angepiga simu.

"Huku naona kijani tupu," akasema. "Shuka mara moja, maliza, mchana twende kwa mama tukale."

"Haya. Mkwe akisema kijani, mimi ni nani nibishe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, na dada aliyapokea huku akicheka.

Pampu ya tatu haikupona. Baada ya robo saa alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Mara ya nne alisimama akatoka ofisini bila kuzima skrini. Alipofika kituoni, Mpole, aliyeruhusiwa mapema kule mabwawani, alikuwa ameshatangulia kurudi. Alikuwa amekaa chini kwenye zege, miguu imenyooka mbele kama mtoto, na kando yake mfuniko wa shimo ulikuwa wazi. Dada alitaka kushuka. Mpole alimshika kiuno kwa mikono miwili na hakumwachia mpaka zimamoto walipofika. Dada alimng'ata, akampiga, na Mpole hakumwachia.

Baada ya mazishi ilitoka ripoti ya ukurasa mmoja. Ilisema mhudumu alishuka peke yake kinyume cha taratibu. Haikusema aliyemwambia ashuke, maana hakuna aliyeuliza. Dada aliisoma mara mbili, akairudisha kwenye bahasha. Alingoja mtu amuulize. Alikuwa na jibu tayari, alilala nalo na kuamka nalo, lakini kila aliyemkaribia alimpa pole tu.

Wiki ya tisa, kadi ikaja.

Mhandisi alimwita ofisini. Boksi lilikuwa juu ya meza, dogo, lingetosha kubebea viatu vya mtoto. "Najua ni vigumu," alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. "Lakini mashine ile ni wewe unayeijua. Nikimleta mgeni atatuharibia."

"Imetoka awamu gani?" dada akauliza.

Mhandisi akatazama dirishani. "Tumeitoa kwenye fungu la dharura."

Asubuhi iliyofuata Mpole aliziweka pampu kwenye swichi ya mkono, asimame nazo yeye mwenyewe wakati kompyuta imezimwa. Dada alilegeza skrubu nne, akaivuta kompyuta kwenye reli zake kama mtu anavyovuta droo. Alifunga mkononi kikamba cha kuondoa umeme wa mwilini usije ukaunguza kadi, akafungua mfuniko. Vumbi lilikuwa kidogo tu. Akaondoa upau, akafungua kibati cha nafasi ya nne, akaitoa kadi kwenye mfuko wake wa kijivu, akailenga, akaisukuma kwa vidole gumba viwili. Ikaingia kwa mlio mdogo. Akakaza skrubu, akarudisha upau, akafunga mfuniko, akairudisha kompyuta mahali pake.

Alitazama saa bila kukusudia. Dakika kumi na moja.

Alikaa juu ya boksi la vifaa. Mpole alimuuliza kama anataka maji. Akatikisa kichwa, akaanza kukunjua waya wa kihisi.

Kihisi walikiteremsha shimoni kwa kamba kutoka juu, waya wake wakaupitisha kwenye bomba hadi chumba cha umeme. Dada aliwasha kompyuta, akaingiza programu ya kadi, akaweka kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu: kumi. Gesi ikizidi kumi, taa igeuke nyekundu na king'ora kilie. Kisha akaiwasha upya, wakangoja.

Namba ilitokea kwenye skrini. Thelathini na nane. King'ora kikalia.

"Kitakuwa kibovu hicho," Mpole akasema, akiinua sauti.

Dada alikipandisha juu, akakipulizia hewa ya kupimia, ambayo kiasi cha gesi yake kinajulikana, kutoka kwenye chupa yake. Kilisoma sawasawa, bila kukosea hata moja. Akakiteremsha tena. Thelathini na tisa. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mvua haikunyesha, wavu haukuziba, pampu zote zilikuwa nzima. Wavu ukiziba na uchafu ukichokonolewa ingepanda mara ngapi, hakutaka kupiga hesabu. Kule chini ndivyo kulivyokuwa siku zote. Ndivyo kulivyokuwa siku walipobeba boksi wawili wakitaniana, na siku zote alizoketi mbele ya skrini yake akiona kijani. Kijani ile haikuwahi kusema kuko salama. Ilisema tu kwamba hakuna aliyeuliza.

Mhandisi alifika mchana. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wamekwisha kumpigia simu kuhusu kelele. Alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma.

"Hii italia kila siku?"

"Kila siku. Shimo linahitaji feni kubwa ya kutoa hewa."

"Feni ipo awamu ya tatu." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "King'ora kinacholia kutwa hakimsaidii mtu, dada yangu. Watu watakizoea, watakipuuza. Pandisha kikomo. Weka hamsini, kwa muda tu."

"Hapana."

"Sikuamrishi. Nakuomba."

"Na mimi nakuomba," dada akasema. "Nimemzika mdogo wangu. Usinipe hiyo kazi."

Mhandisi akavuta kiti, akaketi. Yeye naye alikuwa na neno la siri la kuingilia. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu asiyezoea kibodi. King'ora kikakatika. Taa ikawa ya kijani. "Kwa muda tu," akarudia, akaaga, akaondoka.

Dada alimwita Mpole mbele ya skrini. "Hiyo taa usiiangalie kabisa. Angalia namba. Ikizidi kumi usishuke. Yeyote akikuambia, usishuke. Hata nikikuambia mimi."

Mpole aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na alama mkononi, pale alipong'atwa.

Jioni ile mama alikuwa uani anaanua nguo. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyezungumza kidogo tangu msiba, na swali lake lilikuja bila utangulizi, mgongo ukiwa umegeuka.

"Wanasema mashine ile uliyoifunga inaona kila kitu. Sasa yeye haikumwona?"

"Haikuwa na kadi ya kuonea gesi. Leo ndiyo nimeifunga."

Mama alikunja shuka. Dada akaona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia ashuke. Nilijua yuko peke yake. Nilimwambia kuko sawa."

Mama aliendelea kukunja, kona kwa kona, mpaka shuka likawa dogo kuliko inavyotakiwa. "Nilidhani alijiendea mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nikimlaumu yeye. Miezi miwili namlaumu marehemu." Akaingia ndani. Jumamosi alifunga mizigo yake akaenda kukaa kwa mama mdogo, na dada akamsaidia kubeba begi hadi kituo cha basi, maana lilikuwa zito. Mama alimshukuru kama anavyoshukuriwa mchukuzi.

Dada aliandika barua kwa wakubwa wa Mhandisi kuhusu kikomo. Jibu lilisema barua imepokelewa. Akaandika ya pili, nayo ikapokelewa.

Wavu uliziba tena mwezi ule. Mpole alisoma namba, akakataa kushuka. Maji yalifurika hadi barabarani, yakaingia kwenye ua wa shule. Mara ya pili alipokataa akahamishiwa stoo. Alimpigia dada simu kumpa habari, na sauti yake haikuwa na lawama. Alisema stoo kukavu, angalau.

Dada alipopata nafasi ya kwenda kumwonya mtu mpya aliyewekwa mahali pa Mpole, siku tatu zilikuwa zimepita. Alifika asubuhi. Chumba cha umeme kilikuwa wazi, skrini inaonyesha thelathini na tatu, taa ya kijani. Nje, mtu wa makamo aliyevaa buti za mpira alikuwa anatoka shimoni, ngazi kwa ngazi, akijishika kichwa kwa mkono mmoja. Alikaa ukingoni akapumua kwa kinywa.

"Shikamoo," dada akasema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, kichwa kinaniuma kidogo. Harufu ya mayai viza, unajua, lakini ukikaa humo haisikiki tena."

"Nani alikuambia ushuke?"

"Hakuna. Taa ni ya kijani."

Dada akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote: namba, kikomo, kile kidole kimoja kwenye kibodi, mdogo wake, simu ya saa nne kasoro. Alieleza kwa haraka, maneno yakigongana, akarudia mengine, akasahau pa kuishia. Mtu yule alivua glavu, akaziweka magotini. Hakumkatiza. Alimsikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa, kama watu wanavyomsikiliza mfiwa.