Mapigo Manne ya Aubrey

Mume wangu Aubrey aliimba tenori miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo kuna mahali pamoja alipokosea. Si kwamba sauti hakuwa nayo. Alikuwa nayo, tena tamu, ya kukufanya usahau ulikuwa unasema nini. Tatizo lake lilikuwa kuwahi. Kuna wimbo wa watu watano katika mchezo wa kuimba uitwao *Harusi ya Mtoza Ushuru*, unaimbwa bila kinanda. Katikati yake wote hunyamaza mapigo manne, kimya kabisa, kisha alto na tenori huingia pamoja. Aubrey aliingia mapigo manne kabla ya zamu yake, kila mwaka, na mimi alto wake niko pembeni naachwa nimekodoa macho.

Ndivyo tulivyokutana. Mwaka wangu wa kwanza aliwahi, nami nikajikuta nimeingia naye. Wimbo ulipokwisha nikamfuata mbele za watu nikamwambia, "Wewe bwana, umenipotosha!" Akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Samahani sana, dada. Chai utakunywa?" Kisa hicho nimekisimulia kwenye kila meza niliyoalikwa, na Aubrey hutikisa kichwa kukubali makosa.

Sisi wapenzi wa Ambrose Lyddon si wengi. Alitunga michezo kumi na miwili ya kuimba enzi za Malkia Victoria, akatajirika, akafa, na dunia ikamsahau isipokuwa watu kama sabini. Kila mwisho wa Oktoba watu hao hukodi shule ya bweni ya wasichana chini ya vilima vya Malvern, Uingereza, watoto wakiwa likizo. Twafika Ijumaa, twaondoka Jumapili, na hapo katikati ni kuimba tu. Mawakili wastaafu, wauguzi, wakaguzi wa treni, wote twalala kwenye vitanda vya watoto wa miaka kumi na miwili, miguu ikitokeza nje ya blanketi.

Mwaka huu nilikuja peke yangu. Aubrey alifariki Februari.

Ijumaa hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na vilima havikuwepo kabisa. Shule ile ina kinanda karibu kila chumba. Nilipokuwa napanda ngazi na sanduku langu, mtu alikuwa anacheza wimbo wa Lyddon mahali fulani chini, na mwingine ghorofani akamdaka palepale alipoishia, wala hawakuonana. Nikasimama kwenye ngazi sijui muda gani. Ilikuwa kama nyumba nzima inaota, na mimi nimo ndani ya ndoto yake.

Kwenye chai akanijia Phyllida Crewe, mwongozaji wetu, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa chini.

"Thelma, shoga yangu, pole tena. Nina ombi, usinimeze."

"Sema."

"Kitabu cha Aubrey. Tobias ndiye anaimba tenori, na hana."

Vitabu vya nota vya *Mtoza Ushuru* vilipigwa chapa mara moja tu, mwaka 1888. Vilivyobaki hata ishirini havifiki, na mwenye nacho hakiachi mkononi. Tobias Inskip huyo ni daktari wa meno kutoka Hull, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mpole kupita kiasi.

"Halafu jambo lingine," Phyllida akasema, akitazama biskuti badala ya kunitazama. "Jumapili tunarekodi. Kwa hiyo wimbo wa watano tutauimba kama ulivyoandikwa."

"Kama ulivyoandikwa ndiyo nini?"

"Unajua, Thelma."

"Miaka thelathini na mmoja umeimbwa hivyo hivyo."

"Umeimbwa vibaya hivyo hivyo."

"Basi kitabu sikitoi," nikasema, nikaondoka na kikombe changu.

Nilikuwa na hasira, na naijua sababu yake. Nguo za Aubrey nilishazigawa. Sauti yake haipo kokote, maana alichukia vinasa sauti na hakukubali kurekodiwa hata kwenye simu. Mahali pekee duniani alipokuwa amebaki ni kwenye yale mapigo manne, na sasa Phyllida alitaka kuyafuta kama anafuta ubao. Niliapa hatayafuta.

Jumamosi asubuhi tukafanya mazoezi. Tobias alisoma nota kwa kuchungulia kitabu cha jirani. Tulipofika kwenye ule ukimya, akangoja mapigo yake yote manne, sawasawa, akaingia kwa wakati. Mimi peke yangu ndiye niliyeingia naye. Soprano alishapita, besi wote wawili walishapotea, maana wamezoea kumfuata Aubrey, si Lyddon. Wimbo ukabomoka vipande vipande.

Mervyn Tapp, besi wetu mzee kuliko wote, akapiga goti lake. "Mzee yule katuharibu sote! Hata kaburini anatuwahi!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikatoka nje haraka kabla kicheko hakijageuka.

Mchana nilijilaza bwenini. Ukungu ulikuwa mweupe dirishani, na kutoka chini vinanda vitatu vilikuwa vinacheza nyimbo tatu tofauti, zote za Lyddon, na kwa namna fulani zilikubaliana. Sikuwa nimelala wala sikuwa macho. Nilimsikia Aubrey chumba cha pili anapiga mswaki huku anavumisha sauti yake ya tenori, kama alivyofanya kila asubuhi ya Mungu, na nikawaza, mwache amalize, nitamwambia chai ipo tayari. Nilikuwa na furaha kabisa. Kisha mlango ukagongwa, na chumba cha pili kikawa hakina mtu.

Alikuwa Tobias, na vikombe viwili.

"Mama Thelma, samahani. Nimekuja kukwambia niko tayari kuwahi."

"Kuwahi nini?"

"Kuingia mapema, kama yeye. Phyllida atanila nyama, lakini basi, na anile. Ila sijui alikuwa anavuta pumzi wapi. Pale hapana nafasi ya pumzi. Nimejaribu bafuni, nimekaribia kuzimia."

Hasira ikaniishia palepale. Nikafungua mkoba wa Aubrey, ambao nilikuwa nimeubeba kutoka nyumbani bila kuufungua, nikatoa kitabu. Sikuwahi kukisoma. Kitanda tulilala kimoja, lakini vitabu vya nota, kila mtu na chake. Kwa watu wetu, kuchungulia kitabu cha mwenzio ni sawa na kusoma barua zake. Nikafunua ukurasa wa wimbo wa watano. Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yamefifia.

"Miwani yangu iko chini," nikasema. "Kaandika nini? Pumzi?"

Tobias akakisogeza dirishani. Akaanza kusoma kwa sauti kabla hajaelewa anachosoma.

"'Jumapili. Dada wa alto, yule mwenye sweta ya kijani, kaingia mapigo manne kabla ya wakati. Nimerukia naye asibaki peke yake.'" Akashusha kidole. "Kuna mstari mwingine hapa chini. 'Amekuja kunigombeza kwamba nimempotosha! Nimeomba radhi. Tumekunywa chai.'"

Vinanda vilikuwa vinaendelea kule chini.

"Sweta ya kijani ni ya nani?" Tobias akauliza, ingawa nadhani alishajua.

"Yangu," nikasema.

Nilikaa kwenye kile kitanda cha mtoto, chai inapoa mkononi. Miaka thelathini na mmoja nimemsema mume wangu kwenye harusi za watu, kwenye misiba, mbele ya mama yake mzazi. Naye kila Oktoba alisimama pale akakosea makusudi, mbele ya watu sabini wanaojua kila nota, ili hadithi yangu isikose ushahidi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizokuwa naye, na hakuwepo wa kumwambia.

Nikampa Tobias kitabu. "Imba kama Lyddon alivyoandika."

"Una hakika?"

"Kabisa. Usiwahi hata nukta."

Jumapili tulisimama ukumbini, watano kwenye mstari, na fundi wa kurekodi akainua kidole gumba. Nje ukungu ulikuwa unaanza kuinuka na kilima kimoja kilionekana nusu, kinaelea. Tuliimba vizuri. Kisha tukafika kwenye ukimya, na mkono wa Phyllida ukabaki juu.

Nikaingia.

Niliingia mapigo manne kabla ya wakati, nikijua ninachofanya. Nikaona kifua cha Tobias kinajaa pumzi. Alikuwa anataka kurukia, moyo ulimwambia anifuate. Nikamshika mkono nikaubana. Akatulia.

Mapigo manne ni marefu sana ukiwa peke yako. Ilikuwa sauti ya bibi wa miaka sabini na miwili, inatetemeka, haina wa kuiegemea, na ukumbi mzima unaisikia. Ningeachwa hivi nilipokuwa na miaka arobaini na mmoja na sweta ya kijani, mgeni kati ya watu wasionijua, ningetoka mlangoni nisirudi tena Malvern. Nisingekunywa chai na mtu. Niliyasikia yote manne mpaka mwisho, kisha Tobias akaingia mahali pake, na soprano, na besi wawili, na wimbo ukatuchukua.

Phyllida hakusimamisha. Ulipokwisha, Mervyn alikuwa anafuta macho kwa tai yake.

"Umemkumbuka mzee," akaniambia. "Umemwimbia kosa lake. Mungu akubariki, Thelma."

Phyllida naye akaja, akanishika bega. "Itabidi turudie, unajua hivyo. Lakini nimefurahi. Kosa la Aubrey limepata maziko yake."

"Halikuwa la Aubrey," nikamwambia. "Lilikuwa langu. Yeye alinishikia tu."