Tofali Lenye Herufi Mbili

Félicité alirudi Bunia kutoka Beni mwaka 2004, risasi zilipopungua na watu wakaanza kujenga upya. Alikwenda moja kwa moja kwa Isidore, mdogo wa marehemu mume wake. Yeye na Isidore walimiliki pamoja shamba la udongo mwekundu bondeni, na nusu ya kila tanuru ya matofali ilikuwa haki ya Félicité.

"Shemeji, tulichoma nini tangu nikimbie?"

"Na vita ile? Hata tofali moja hatukuchoma," Isidore alijibu, akitazama pembeni.

Félicité alitaka kumwamini. Lakini Jumapili, akitoka misa, aliegemea ukuta wa duka jipya pale barabara ya Lumumba, akahisi kitu kikimkwaruza mgongo. Akageuka. Kila tofali lilikuwa na herufi mbili, F na I. Alizichonga mwenyewe ndani ya kalibu ya mbao, siku moja kabla ya kukimbia, na hakuwahi kuona tofali lake hata moja. Akazunguka mtaa. Aliziona kwenye jiko la jirani, kwenye kanisa, hata kwenye choo cha shule. Akacheka peke yake barabarani kama mwehu. Kesho yake akamshtaki Isidore.

Mahakama, iliyokuwa imefunguliwa tena juzijuzi, ilijaa watu. Isidore akaapa mbele ya hakimu kwamba shamba lililala muda wote.

"Hizo matofali ni za zamani, Bwana Juge."

"Za zamani haziko na F," Félicité akasema. "Bwana Juge, unisamehe. Geuka kidogo tu."

Juge akageuka. Nyuma ya kiti chake ulisimama ukuta mpya ambao haujapigwa lipu: F na I, F na I, kutoka chini mpaka darini.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Polisi wa mlangoni alishika tumbo. Juge alijaribu kukunja uso, akashindwa.

"Isidore, juu ya nini haukufuta ile F?"

"Nilikamata kisu, Bwana Juge. Mukono ikakataa. Huyu mama alinilea tangu niko mutoto mudogo." Machozi yakamtoka, na kicheko kikazimika.

Juge akaamua kwamba nusu ya yote yaliyouzwa ni ya Félicité. Ila Isidore hakuwa na kitu. Vita na watoto sita vilikuwa vimekula kila senti.

"Sitaki afungwe," Félicité akasema. "Anijengee nyumba."

Isidore alichoma matofali na kujenga, akiimba kutwa nzima, maana siri ilikuwa imemtoka kifuani. Siku ya kuezeka mabati, majirani walikuja na sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwa na ngoma. Isidore aliposhuka ngazi, vumbi hadi kwenye kope, Félicité alimpa sahani ya kwanza.

"Kula, shemeji. Weye ndiye mugeni wangu wa kwanza."

Akala amesimama, akicheza.