Mlango wa Mbele kwa Ulimboka

Habari ya Yudith kuingia kwa Ulimboka, mganga wa kienyeji wa hapa Msalato, niliianzisha mimi. Nilimwona kwa macho yangu asubuhi, kajitanda kanga mpaka usoni. Kufika adhuhuri nilishaifikisha bombani, kwenye mashine ya kusaga, na kwa Gladness muuza maandazi.

"Kha! Yudith wa kwaya?"

"Huyo huyo, shoga. Kaloweka wokovu kwenye dawa!"

Tulicheka mpaka maandazi yakaungua.

Jumapili mzee wa kanisa, Nathanaeli, akatangaza kwamba ibada ya nyumba kwa nyumba ya Alhamisi haitakuwa kwa Yudith. Zamu yake imerukwa "mpaka mambo yaeleweke." Kwetu kurukwa zamu ni kuambiwa huna kwako. Yudith alikuwa ameshaazima mabenchi. Aliinuka akatoka, hakumwangalia mtu.

Jumatatu nikamfuata kwa mganga, nipate habari zaidi. Nikachungulia dirishani. Yudith alikuwa anamwosha mama yake Ulimboka, bibi aliyepooza upande mmoja, mgongo umejaa vidonda vya kulala. Mganga mwenyewe kasimama pembeni kashika beseni.

"Dawa zangu zimeshindwa," aliniambia aliponiona. "Na watu wa kanisani wanapita ng'ambo ya njia. Huyu peke yake ndiye anayeingia."

Niliingia ndani. "Yudith, ni mimi niliyekusema."

"Najua," alijibu, hakuacha kuosha. "Mji mzima unajua sauti yako."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ila bibi ni mzito, nageuza peke yangu. Uliposambaza ulitumia miguu. Sasa lete mikono."

Tukamgeuza bibi pamoja. Halafu nikashika njia, mahali palepale pamoja na pamoja: bombani, mashineni, kwa Gladness.

"Leo unakanusha? Umelipwa na mganga?" Gladness akanicheka.

"Nicheke tu. Nilisema uongo, Yudith hakufuata dawa, anamwuguza mama yake mganga. Kesho naingia tena kule."

Kwa Nathanaeli nilifika jua linazama. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote.

"Marahaba. Lakini mama, muumini kuingia kwa mganga, watu watasemaje?"

"Watasema ninayosema mimi, mzee, maana maneno ya hapa yanaanzia kwangu. Kama jina la Yudith limefutwa, futa na langu. Alhamisi saa ya ibada tutakuwa kule, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele."

Akaniaga, akaingia ndani.

Alhamisi nilipita katikati ya njia, nikimsalimia kila mtu kwa sauti, kwa Kigogo: "Mbukwenyi! Naenda kwa Ulimboka, kuna mgonjwa!" Waliokuwa na vichwa wakavitoa madirishani. Yudith alikuwa ameshachemsha maji. Mara Gladness akatokea, shuka safi kwapani. "Usinitazame hivyo," alinifokea. "Nishike wapi?"

Tulikuwa tumemlaza bibi ubavu, Yudith ameanza wimbo taratibu, mlango ulipogongwa. Nathanaeli, Biblia mkononi, na nyuma yake watu wa ibada kama kumi wamejaa ua wa mganga, hawajui waweke wapi macho.

"Yudith," alisema, "zamu ni yako. Tumeambiwa uko huku."

Yudith alijifuta mikono, akampa beseni.

"Shikamoo, mzee. Kayamwage haya, utuletee mengine ya moto. Tukimaliza kumfunga vidonda, tutasali."

Nathanaeli akampa Ulimboka Biblia amshikie, akaenda kumwaga maji.